Kitabu kitamu, muuzaji katili: uzoefu wangu na The Golem and the Jinni

Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Siku za nyuma kidogo nilimuagiza muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar aniletee The Golem and the Jinni ya Helene Wecker, ile ya 2013, hela nimetuma yote kabla, kikaja na boda kimefungwa nailoni vizuri.

Na hadithi yenyewe jamani! New York, 1899. Chava ni golem, mwanamke wa udongo aliyefinyangwa ili awe mke wa mtu, mwanaume anamuamsha ndani ya meli halafu anafia humohumo safarini, dada wa watu anabaki hana wa kumtii na matamanio ya kila mtu anayepita yanamuingia kichwani. Kuna pale mtaani anaisikia njaa ya mtoto, anachukua knish (andazi la Kiyahudi lenye kujazwa ndani) ya muuzaji anampa, hajui hata kama vitu vinalipiwa, watu wanamzonga mpaka rabi mzee anakuja kumuokoa. Nilirudia hapo. Maana yule golem wa Prague wa ngano za Wayahudi, wanayesema alifinyangwa na Rabi Loew (rabi mwenyewe alikuwepo kweli, kafariki 1609), kila nilipomkuta ni jitu la kulinda watu tu, halina neno. Huyu ana woga, usingizi hana, anashona nguo usiku kucha kwa sababu kutoka nje ni hatari. Upande wa pili kuna Ahmad, jini aliyefunguliwa kwenye chupa ya shaba na fundi bati mtaa wa Wasyria, na majini ya chupani sisi wa pwani tumekua nayo, hapo sikuhitaji kuelezwa.

Sasa unasubiri weee hawa wawili wakutane, mwandishi anakuvuta taratibu, nafunua ukurasa, hamna! Kurasa kibao hazipo, mahali pake zimerudiwa nilizokwisha soma, wino umefifia, gundi inaachia. Kumbe kaniuzia kopi ya kudurufu.

Nampigia ananiambia, "Dada, si chache tu hizo? We ruka, hadithi si unaielewa?" Nikamwambia nirudishie hela. "Kwanza mambo ya Wayahudi na majini unayasomea nini?" Akakata, akaniblok.

Hela inauma lakini hilo swali limeniuma zaidi. Wecker ni Myahudi, mumewe Mmarekani wa asili ya Kiarabu, kitabu kizima kipo kwa ajili ya Chava na Ahmad kukutana, na ndipo palipokatwa!

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja, msinunue. Nimefuta. Hiyo nyota moja ni ya yule kaka, hadithi haina kosa... haya, yule mzee mchawi anayetafuta uzima wa milele sehemu zake zinaburuza, hilo nalisema. Ila niliendelea kusoma hivyohivyo na mapengo yake, na pale Ahmad anapochonga dari la bati liwe jangwa lake alilolipoteza, milima yote na mabonde, nilifunga kitabu kwanza nikatulia. Nyota tano. Tano kabisa.

Kuna cha pili, The Hidden Palace cha 2021, sikigusi kabla sijasoma walivyokutana. Mwenye nakala kamili hapa Dar aseme, nakuja mwenyewe, na nakagua ukurasa mmoja mmoja kabla sijatoa hata mia.