CD mbili za The Platters: ya kwanza niliirudisha, ya pili haitoki nyumbani

Mama ndiye aliyegundua. Nilikuwa nimeweka CD mpya sebuleni, yeye kakaa mlangoni anachagua mchele kwenye ungo, Only You ikaanza. Mkono wake ukasimama. "Huyo siye," akasema. Nikamwambia, Mama, mbona wimbo ni ule ule? "Wimbo ndio huo, mwanangu. Mwimbaji siye."

Marehemu baba alikuwa na santuri ndogo ya The Platters, lile kundi la waimbaji la Marekani, ile ya wimbo mmoja kila upande, na mama aliisikia mpaka ikakwaruzika. Hawezi kudanganywa na sauti ile. Nikatoa kasha nikalisoma vizuri. Mbele jina la The Platters kwa herufi za dhahabu, nyimbo zote maarufu zimeorodheshwa. Nyuma, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya kwenye pakiti ya dawa, imeandikwa kwamba nyimbo zimerekodiwa upya. Mwaka haupo, jina la mwimbaji hata mmoja halipo. Nilikuwa nimelipa shilingi 35,000 kwa muuzaji wa mtandaoni. Nilipolalamika alinirudishia nusu, tena baada ya wiki tatu za kupigiana simu.

Ndipo nikaanza kufuatilia, kwa sababu iliniuma. Kundi hili lilianzia Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jina alilitoa Herb Reed, mwimbaji wa besi, kwa sababu watangazaji wa redio wa wakati ule waliziita santuri "platters", yaani sahani, kama wazee wetu walivyosema sahani ya santuri. Meneja wao, Buck Ram, alikuwa pia mtunzi. Mwaka 1954 waliirekodi Only You kwa lebo ya Federal, yaani kampuni ya kutoa santuri, na lebo ikaiona haifai kutolewa. Kampuni ya Mercury, nayo ya santuri, ilipolitaka kundi jingine la Ram, The Penguins, Ram akasema basi mchukue na The Platters. Wakachukuliwa kama nyongeza, na 1955 Only You iliyorekodiwa upya kwa Mercury ndiyo iliyowafungulia mlango. Mwanzoni mwa 1956 The Great Pretender ikafika namba moja Marekani, mwaka huo huo My Prayer nayo ikafika, kisha Twilight Time mwaka 1958 na Smoke Gets in Your Eyes mwanzoni mwa 1959.

CD niliyonunua mara ya pili ni mkusanyiko wa Mercury uitwao The Magic Touch, CD mbili, uliotoka 1991. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mimi naimba sauti ya nne kwaya ya kanisani, kwa hiyo sikio langu huenda chini kwanza. Sikilizeni Only You kwa spika nzuri, si kwa simu. Tony Williams hatamki neno la kwanza moja kwa moja, analivunja kooni, sauti inaruka juu halafu inatua. Wakati huo wenzake hawashindani naye. David Lynch, Paul Robi na Herb Reed wanashikilia nyuma kwa "aaa" na "uuu" tu, na Zola Taylor, mwanamke pekee kati ya wanaume wanne, anaweka rangi nyepesi juu yao. Vikundi vingi vya duwopu, mtindo wa wakati ule wa kuimba kwa kuitikiana sauti, vilijaza nafasi kwa silabi za kuchezacheza. Hawa walijizuia, na kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwaya yetu tumejaribu miezi miwili, bado wa sauti ya tatu wanataka kusikika.

Kwenye ile CD ya uongo kiongozi anakiiga kile kivunjo cha Williams kila mstari, mpaka kinachosha. Williams mwenyewe anakipima.

Nyimbo za mwisho wa miaka ya 50 zinanipendeza kidogo kuliko za mwanzo. Violini zinajaa, na waitikiaji wanazama. Mama hakubaliani nami hata kidogo, kwake Smoke Gets in Your Eyes ndiyo kilele. Kusema kweli wimbo ule ulikuwa wa 1933, kama My Prayer ilivyokuwa ya 1939, na hawa waliufanya wao kabisa.

Kwa nini feki ni nyingi hivi? Agosti 1959 wanaume wanne wa kundi walikamatwa Cincinnati. Mahakama iliwaachia huru, lakini vituo vingi vya redio vilikwisha acha kupiga nyimbo zao. Mwaka 1960 Williams akaondoka, Sonny Turner akashika nafasi yake, baadaye hata Nate Nelson wa The Flamingos, kundi jingine la duwopu, akaimba humo. Watu waliingia na kutoka, na kila aliyepita, na wengi ambao hawakupita kabisa, wakazunguka majukwaani kwa jina lile lile. Herb Reed alipigania jina hilo mahakamani miaka mingi. Alishinda kesi huko Nevada, Marekani, mwaka 2011, akafariki 2012 akiwa na miaka 83. Hilo linanisikitisha kila ninaposikia besi yake.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, mwombeni muuzaji picha ya mgongo wa kasha. Tafuteni jina la Mercury na miaka ya kurekodiwa, kuanzia 1955. Akikataa kupiga picha, achaneni naye.

Sasa natafuta za The Flamingos, zile za Chicago za 1953 kabla hawajahamia kwingine. Mwenye nazo Tanga au Dar, hata santuri iliyokwaruzika, tuzungumze bei.