Vifaa vya kumalizia soksi, skafu na shali: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wafumaji wengi tuna ugonjwa mmoja: pesa yote inaishia kwenye uzi. Unanunua sufu laini, unakesha nayo miezi miwili, na siku ya kufunga kitanzi cha mwisho shali inatoka kwenye sindano imejikunja kama tambara la deki, mikia ya nyuzi inaning'inia kila upande. Unaitia kapuni, utaimalizia wikendi. Wikendi ya mwaka gani, hujui.

Vifaa vya kuitoa humo kapuni ni vichache, na vyenye kazi kubwa ndivyo vya bei ndogo. Nimevipanga kwa mfuatano ambao ningenunua mimi kama ningeanza upya leo.

1. Sindano butu za chuma

Bila hii hakuna kilichomalizika. Ndiyo inayoficha mikia ya nyuzi, na ndiyo inayofunga ncha ya soksi kwa ule mshono unaoitwa Kitchener, ambao hauachi tuta la kusugua vidole.

Butu maana yake ncha isiyochoma. Sindano kali ya kushonea nguo hupasua uzi wa sufu katikati, na ukikosea, kufumua ni kilio. Tafuta zenye ncha iliyopinda kidogo, zinaokota vitanzi bila wewe kukodoa macho. Za plastiki achana nazo: tundu ni nene kuliko uzi wa soksi, kwa hiyo kila ukivuta unapanua vitanzi. Nunua saizi mbili, nyembamba ya soksi na nene ya skafu. Kabla ya kulipa, vuta kipande cha uzi ndani ya tundu la sindano uone kama linakwaruza, maana tundu lenye makali litakata uzi ukiwa umebakiza vitanzi vinne.

Kifaa hiki kinaishi vizuri na fundi anayekumbuka kuacha uzi wa kutosha: sentimita 15 kwa kila mkia, na kwa ncha ya soksi mara nne ya upana wake.

2. Pini zisizoshika kutu

Hapa ndipo pa kuwa mkali na muuzaji. Shali ya lesi, yaani iliyofumwa kwa matundu ya urembo, ikishafumwa huloweshwa dakika 20 hadi 30, hukamuliwa ndani ya taulo, kisha hutandazwa ikiwa imevutwa na kubanwa kwa pini mpaka ikauke kabisa. Matundu yanafunguka, pembe zinasimama, na kazi iliyofanana na utumbo inakuwa shali. Pini zinakaa ndani ya sufu mbichi usiku kucha, wakati mwingine siku mbili. Mimi niliwahi kubana shali nyeupe kwa pini za kawaida za kushonea. Asubuhi ilikuwa na madoa ya kahawia kando yote, mojamoja, kwa nafasi sawa kabisa. Madoa ya kutu hayatoki kirahisi.

Kwa hiyo usiamini maandishi ya kopo. Chukua pini mbili, zifunge kwenye pamba iliyolowa, ziache usiku mmoja. Pamba ikibaki nyeupe, zitumie. Umbo zuri ni lenye kichwa kama herufi T, kwa sababu linashikika na halipiti ndani ya vitanzi. Vichwa vya plastiki huyeyuka ukipitisha pasi karibu.

Idadi? Shali ya pembetatu yenye upande mrefu wa sentimita 150, ukibana kila sentimita 5, inameza pini 70 hivi. Pakiti ya 20 ni ya skafu fupi. Kuna pia pini za chanuo, meno kadhaa kwenye kishikio kimoja cha plastiki. Hizo ni nzuri kwa kingo zilizonyooka za skafu, ila kwenye shali ya mviringo hazina raha.

3. Mahali pa kutandazia

Vile vipande vya sponji ngumu vinavyounganishwa kama fumbo, wanavyochezea watoto sakafuni, vinatosha. Vinavyouzwa kwa wafumaji vina mistari ya kupimia, na hiyo tu ndiyo tofauti ya maana. Angalia unene: chini ya sentimita 1 pini haikai. Angalia rangi pia, futa kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla hujalaza kazi juu yake. Godoro la kitanda cha wageni nalo linafaa, mradi wageni wasije siku hiyo.

4. Nyaya za kutandazia

Kwa mfumaji wa shali, nyaya hizi ningezipandisha hadi nafasi ya tatu. Kwa mfumaji wa soksi, hazina kazi. Ni nyaya nyembamba unazopitisha kwenye ukingo, kisha unabana waya badala ya kubana kila kitanzi, na zile pini 70 zinapungua sana. Ukingo unatoka umenyooka, hauna mawimbi. Ipinde waya dukani: njema hurudi ilivyokuwa, mbaya hubaki na kona. Ncha ziwe zimesuguliwa.

Kama mfuko haujaruhusu, tumia uzi imara wa pamba. Visiwani Shetland, huko Scotland, shali za lesi zilinyooshwa kwenye fremu za mbao kwa uzi uliopitishwa kwenye ncha za ukingo, ukavutwa mpaka shali ikakaza kama ngoma. Lesi nyembamba mno zilimalizwa hivyo.

5. Sabuni ya sufu

Ile isiyohitaji kusuuzwa inapunguza kuishikashika sufu ikiwa imelowa, na kushikashika kukichanganyika na maji ya moto ndiko kunakoigandisha sufu ikasinyaa. Shampuu ya kawaida inafanya kazi karibu ileile. La kukwepa ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kula protini: sufu na hariri ni protini.

6. Vibao vya soksi

Ni vibao bapa vyenye umbo la mguu, unavivalisha soksi iliyolowa ikaukie humo. Vinapendeza kwenye picha. Soksi hunyooshwa na mguu wenyewe, kwa hiyo nunua tu kama unatoa zawadi mara kwa mara. Chagua saizi ndogo kidogo kuliko mguu, kwa sababu soksi njema hufumwa ikiwa na mzunguko pungufu wa kama asilimia 10, na kibao kikubwa kitaitanua ipwaye.

Kabla hujanunua chochote kuanzia namba 2, soma lebo ya uzi ulionao. Yote niliyosema ni ya sufu na ndugu zake. Akriliki, uzi wa kiwandani usio wa mnyama wala mmea, haishiki umbo kwa maji na pini. Inataka mvuke, nao ukizidi uzi unalegea moja kwa moja, haurudi. Kama kapu lako ni akriliki tupu, nunua sindano butu, na kwa matamvua ya skafu mkasi mkali na sindano ya kroshia. Pesa inayobaki, haya, kanunue uzi.