Bei za mnada wa korosho kwenye tovuti: PDF iliyoskaniwa au jedwali la maandishi?

Mkulima wa Newala au Ruangwa anafungua tovuti akitafuta mambo matatu: ghala lipi, daraja lipi, bei gani. Tupime kwa hayo.

PDF iliyoskaniwa ni nafuu kwa ofisi: muhuri upo, saini ipo, kazi imekwisha. Ila kurasa tatu za rangi zinaweza kufika MB 5, na kwa kuwa ni picha tu, ukitafuta neno "TANECU" (chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala) ndani yake hupati kitu. Kwenye simu ndogo msomaji anasukuma kushoto na kulia. Akifika safu ya bei, jina la ghala limeshatoka kwenye kioo. Hapo ndipo mtu anasoma bei ya mstari wa jirani.

Jedwali la maandishi halifiki hata KB 100. Safu nne zinatosha: ghala, daraja, bei ya juu na bei ya chini kwa kilo. Juu kabisa ikae tarehe ya mnada, si ya kupandisha ukurasa. Ubaya wake ni kwamba tarakimu huchapwa kwa mkono, na 2,350 ikigeuka 3,250, kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, patachimbika. Kwa hiyo mtu wa pili ahakiki, na PDF ibaki chini kama kiungo cha uthibitisho.

Picha za viongozi zinazopishana juu ya ukurasa? Ziondoke. Ushauri wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao upewe ukurasa wake, maana hutafutwa mikorosho ikitoa maua, kabla minada haijaanza.