Wiki tatu za kukata ngisi na kusugua matangi ya kasa Watamu

Nianze na harufu, kwa sababu ndiyo iliyonisindikiza hadi Nairobi. Harufu ya ngisi ikishaingia chini ya kucha haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Kwenye matatu ya kurudi, kijana aliyeketi kando yangu alifungua dirisha mara mbili, halafu akahamia kiti cha nyuma bila kusema neno. Simlaumu.

Nilitumia likizo yangu ya mwaka kujitolea katika kituo cha kutibu kasa kinachoendeshwa na Local Ocean Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997 likijulikana kama Watamu Turtle Watch. Mimi ni mtu wa bara, nimekulia kwenye majani chai, na bahari nilikuwa naijua ya Krismasi tu. Kabla ya hapo nilimwendea wakala mmoja mjini anayepangia watu safari za kujitolea. Aliniomba pesa karibu sawa na mshahara wangu wa mwezi, tena kwa dola, na nilipomuuliza nitakuwa nikifanya kazi gani hasa akaniambia "utacheza na kasa". Kama unataka kwenda, achana na watu wa namna hiyo. Andikia kituo moja kwa moja, uulize masharti, malazi na gharama, kisha panda gari lako mpaka Gede na umalizie kwa tuktuk.

Kucheza hakupo. Kasa aliye mgonjwa haguswi ila kwa sababu, kwani kila anapokamatwa anahangaika na kupoteza nguvu anazohitaji ili apone. Kazi ya mtu wa kujitolea ni maji na chakula. Unamwaga maji ya tangi, unasugua ukijani uliong'ang'ania kuta, unajaza maji mengine ya bahari, unahamia tangi la pili, na ukimaliza la mwisho lile la kwanza limeshachafuka. Katikati ya hayo kuna ngisi na samaki wa kukata na kupima kwa gramu, kila mgonjwa na sahani yake. Siku yangu ya pili nusura nimpe kasa chakula cha jirani yake. Mwenzangu alinidaka mkono hewani. Kumbe ndani ya ngisi yule kulikuwa na vidonge. Ndivyo wanavyowanywesha dawa, maana kasa hakubali kufunguliwa mdomo kirahisi. Tangu hapo nilikuwa nasoma ubao mara tatu kabla ya kuinua koleo.

Mara chache nilizomshika kasa ni siku za kupima uzito. Unashika gamba, mbele nyuma ya shingo na nyuma juu ya mkia, kamwe si mapezi. Hilo nililielewa baada ya kula kofi la pezi lililoniachia alama kwenye mkono juma zima. Akiwa nchi kavu machozi yanamtiririka, na mgeni hudhani analia. Ni chumvi tu anayoitoa mwilini kupitia tezi zilizo karibu na macho. Nilielezwa hivyo siku ya kwanza, na bado kila mara nilijikuta nikimwambia pole.

Mgonjwa niliyempenda kuliko wote alikuwa kasa mdogo, ukubwa wa sinia la pilau, ambaye hakuweza kuzama. Kasa akimeza plastiki tumbo huziba, hewa hujikusanya ndani, na mnyama hubaki juu kama boya. Asipozama hafikii chakula chake chini, na akiwa juu ni rahisi kugongwa na mashua. Huyu alielea mkia ukiwa juu kuliko kichwa. Alikuwa akipiga mapezi kwenda chini, anafika nusu, kisha maji yanamrudisha. Alirudia hivyo kutwa.

Lakini saa ninayoikumbuka zaidi si ya matangini. Wavuvi wakimkuta kasa nyavuni hupiga simu. Kituo kinamfuata, na aliye mzima hupimwa, hufungwa kibandiko cha chuma chenye namba kwenye pezi, na kurudishwa baharini. Wagonjwa tu ndio wanaolazwa. Asubuhi moja niliomba kupanda kwenye gari. Tulimkuta mzee ameketi juu ya jarife lake, kasa kamfunika kwa gunia la maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwangalieni huyo, ni mzima. Asiyekuwa mzima ni wavu."

Akatuonyesha tundu ambalo ningeweza kupita mimi. Fidia wanayopewa wavuvi ni ndogo, ya kufuta jasho, na kwa hesabu yangu haikutosha hata uzi wa kushonea. Nyama ya kasa ina wanunuzi kwa siri, ingawa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza. Tena nyama hiyo yenyewe huua: Machi 2024, kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila. Mzee alipiga simu, akapoteza asubuhi nzima akimmwagia maji. Watu hupiga picha na kasa anayeingia baharini. Mimi ningempiga picha yule mzee, ila niliona haya kumwomba.

Nyota tano. Beba kofia, nguo ambazo huna mpango wa kuzivaa tena, na viatu vya mpira visivyoteleza. Mahamri na mbaazi ya asubuhi yatakufikisha saa nane bila kulalamika. Kama mgongo unakusumbua, fikiria mara mbili, maana ndoo hazina huruma. Na kama unaenda wakati wa kusi, usitarajie bahari ile ya kwenye kalenda. Pepo ni kali na mwani huoza ufukweni.

Nilipoondoka, yule mdogo alikuwa bado anaelea. Nimepiga simu mara mbili kumuulizia. Mara ya kwanza hali ilikuwa ile ile. Mara ya pili nikaambiwa walifika asubuhi wakadhani ametoroka, kumbe amelala chini kabisa, kwenye kona ya tangi.