Vifaa vya Kutunza Nyayo za Mbwa: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Mwenye mbwa anayekwenda kununua vifaa vya kutunza nyayo hukutana kwanza na vile vinavyopendeza macho: viatu vidogo vya rangi, marhamu yenye harufu nzuri, vikombe vya kuoshea miguu. Koleo la kucha aghalabu huwa limetundikwa pembeni, mahali pasipotazamwa. Mwongozo huu unaupindua mpangilio huo. Vifaa vimepangwa kwa kuuliza mambo mawili: je, tatizo ambalo kifaa kinalizuia huwapata mbwa wengi au wachache? Na je, nyumbani hakuna kitu kingine kinachoweza kuifanya kazi hiyo hiyo?

Ili mpangilio ueleweke, ni vyema kuutazama wayo wenyewe. Chini ya kila kidole kinachokanyaga kuna kitakia, katikati kuna kingine kikubwa, na katika miguu ya mbele kuna kidogo zaidi kilichopanda juu nyuma ya kifundo. Ngozi ya vitakia hivi ni nene kuliko ngozi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili wa mbwa, na chini yake kuna tabaka la mafuta linalopokea kishindo cha kila hatua. Humo pia mna tezi za jasho, na ndiyo sababu mbwa aliyeshikwa na hofu huacha alama za unyevu juu ya meza ya daktari. Ngozi hiyo hujijenga na kukomaa kwa kutembea. Mbwa mwenye afya hahitaji kulainishwa kila siku. Ukucha ni kinyume chake. Hukua bila kukoma, na mbwa asiyetembea vya kutosha juu ya ardhi ngumu hana kitu cha kuupunguza.

Nafasi ya kwanza: kifaa cha kukatia kucha

Ukucha mrefu unapogonga sakafu husukumwa kurudi nyuma, nao husukuma kidole. Mbwa hubadilisha namna anavyosimama ili kukwepa maumivu, na mzigo huhamia kwenye viungo vingine ambavyo havikupaswa kuubeba. Kucha ndefu pia hunasa kwenye zulia au majani na kuchanika hadi kwenye mzizi, jeraha ambalo huuma sana na mara nyingi huhitaji daktari. Tatizo hili huwapata mbwa wa kila ukubwa, na hakuna kitu cha jikoni au cha kabatini kinachoweza kulitatua. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende hapa.

Kati ya aina tatu zinazouzwa, ninaiweka mbele koleo yenye makali mawili yanayokutana kama mkasi, iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na yenye mpini usioteleza mkononi. Inakata kucha nyembamba na nene, inaweza kufika kwenye ukucha uliojikunja, na makali yake hudumu. Chagua ukubwa unaolingana na mbwa, kwa sababu koleo ndogo kwenye ukucha mnene huuminya kabla ya kuukata, na kuminywa huko ndiko kunakomfanya mbwa achukie shughuli nzima. Baadhi ya koleo huwa na kibao kidogo cha kuzuia kukata kupita kiasi. Usikitegemee: hakijui nyama ya ndani imeishia wapi, na mara nyingi huziba tu kile unachopaswa kukiona.

Aina ya pili ni ile ya tundu, ambamo ukucha huingizwa na wembe mmoja ukateleza kuukata. Inafaa mbwa wadogo wenye kucha nyembamba, lakini wembe wake huwa butu mapema, na ukucha uliozunguka kama pete hauingii tunduni. Ukiinunua, hakikisha kuwa wembe wa akiba unapatikana kivyake.

Aina ya tatu ni mashine ndogo ya kusagia kucha kwa msasa unaozunguka. Kwa mbwa mwenye kucha nyeusi, ambazo hazionyeshi nyama ya ndani, mashine hii ina faida kubwa kwa sababu hupunguza kidogo kidogo na kuacha ncha laini. Kasoro zake ni kelele, mtikisiko na joto. Tafuta yenye kasi zaidi ya moja na msasa unaobadilishwa, uiguse kwenye ukucha kwa sekunde moja au mbili kisha uiondoe, na usiiruhusu ikaribie manyoya marefu, kwani hujisokota kwenye mhimili na kumvuta mbwa kwa ghafla. Mbwa mwoga anahitaji siku kadhaa za kuisikia ikinguruma mbali huku akipewa kitu anachokipenda, kabla haijamgusa.

Chombo chochote utakachochagua, lengo ni kuacha nyama iliyo ndani ya ukucha bila kuigusa, kwa kuwa ina mishipa ya damu na ya fahamu. Katika ukucha mweupe huonekana kwa rangi ya waridi. Katika ukucha mweusi, kata vipande vyembamba na utazame sehemu iliyokatwa: kinapotokea kidoa cheusi au cha kijivu katikati, simama. Kucha zilizoachwa muda mrefu hazifupishwi kwa siku moja; ukizipunguza kidogo kila wiki, nyama ya ndani nayo hurudi nyuma taratibu. Usisahau ukucha wa kidole cha pembeni kilichopanda juu ya mguu. Kwa kuwa haugusi ardhi, haupungui wenyewe, na unaweza kujikunja mpaka ukachoma ngozi.

Pamoja na koleo, nunua siku hiyo hiyo poda ya kuzuia damu. Siipi nafasi yake yenyewe kwa sababu kununua koleo bila poda ni ununuzi ambao haujakamilika. Ni kopo dogo linalodumu kwa miaka, na unapoigusa nyama kwa bahati mbaya, unabonyeza poda kwenye ncha ya ukucha mpaka damu ikome. Poda hiyo ni ya ncha ya ukucha tu, si ya kidonda cha ngozi. Ikikosekana, wanga wa mahindi ukishindiliwa kwa kitambaa husaidia kwa damu chache. Damu inayoendelea kutoka baada ya kubonyezwa kwa dakika 10 hadi 20 ni kazi ya daktari wa wanyama.

Nafasi ya pili: taulo

Wapo watakaoona ajabu kwamba taulo imeyatangulia marhamu na viatu. Sababu ni kwamba madhara mengi ya wayo huanzia katikati ya vidole, mahali penye giza, joto na unyevu, ambapo fangasi aina ya hamira waitwao Malassezia huzaliana haraka. Kuosha kwa maji ya uvuguvugu baada ya matembezi huondoa matope, chavua, chumvi na kemikali za bustanini, lakini kuosha bila kukausha ni kuutayarishia fangasi makazi. Taulo ya nyuzi laini zinazofyonza maji upesi inatosha. Taulo kuukuu ya nyumbani inafaa vilevile, na hapo hutahitaji kununua chochote. Ukikausha kila kidole kwa zamu utagundua mapema kupe, miba, mbegu za nyasi zenye ncha kali zinazoweza kupenya ngozi, na funza kwa wale wanaoishi mahali wanapopatikana. Ukaguzi huo una thamani kuliko ukaushaji wenyewe.

Vikombe vyenye vinyweleo vya silikoni ndani vina manufaa kwa mbwa anayerudi na matope kila siku, mradi mguu uingie bila kulazimishwa na maji yabadilishwe kabla hayajawa tope. Kwa wengine, beseni hufanya kazi ile ile. Vitambaa vyenye unyevu ninaviweka chini zaidi. Vinafaa safarini, na ukivinunua viwe havina alkoholi wala manukato. Vile vya watoto wachanga mara nyingi vina manukato, na mbwa atayalamba. Vitambaa vyenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ni vya tiba, navyo vitumike kwa maelekezo ya daktari badala ya kuwa mazoea ya kila jioni.

Nafasi ya tatu: mkasi wa ncha butu

Hiki ni kwa mbwa wa manyoya marefu peke yao. Mwenye mbwa wa manyoya mafupi aruke sehemu hii. Manyoya yanayoota kati ya vitakia hukusanya matope na mafundo ya barafu, na juu ya vigae humfanya mbwa ateleze kwa sababu hakanyagi tena kwa ngozi. Kata yale yaliyozidi usawa wa kitakia tu, bila kuchimba katikati ya vidole. Mashine ndogo ya kunyolea ni salama zaidi kwa mbwa asiyetulia.

Nafasi ya nne: marhamu

Marhamu hutangazwa kuliko vyote, na ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa wakati wa kuchagua. Kanuni ya kwanza ni kwamba chochote kinachopakwa kwenye wayo huishia tumboni. Soma viambato kabla ya kutazama picha iliyo juu ya kopo. Nta ya nyuki, siagi ya shea na mafuta ya nazi ni viambato vinavyokubalika. Mafuta ya Melaleuca, yanayouzwa kwa jina la “tea tree”, yana sumu kwa mbwa, na mafuta mengine makali ya mimea nayo ni ya kuepuka. Oksidi ya zinki, iliyomo katika krimu nyingi za vipele vya watoto na za kujikinga na jua, humdhuru mbwa anapoilamba. Zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni hatari zaidi: huweza kushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na kuharibu ini, nayo hutumika hata katika baadhi ya bidhaa za ngozi. Kopo lisilotaja viambato vyake lirudishwe rafuni, hata kama limeandikwa kuwa ni la asili.

Marhamu yenye nta nyingi ni bora kuliko yale ya mafuta matupu. Nta hukaa juu ya kitakia kama utando, huzuia chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji isiunguze ngozi, na hupunguza mafundo ya barafu kati ya vidole. Mafuta matupu hulainisha kwa muda mfupi, huacha sakafu ikiteleza, na yakizidi huifanya ngozi iwe laini kuliko inavyopaswa, hata ichubuke kwa urahisi. Paka kidogo, pale tu ngozi inapokuwa kavu na yenye nyufa nyembamba, ikiwezekana kabla ya kulala. Usitarajie marhamu yazuie joto la lami. Hakuna utando wa nta unaoweza kazi hiyo.

Tena, si kila ngozi ngumu ni ngozi kavu. Vitakia vinavyoota magamba manene vinaweza kuwa dalili ya maradhi ya kinga, ya upungufu wa lishe au ya kurithi. Hata distempa, ugonjwa wa virusi unaozuiliwa kwa chanjo, huweza kuvifanya vitakia kuwa vigumu. Kopo la pili la marhamu baada ya la kwanza kushindwa ni pesa iliyopaswa kwenda kwa daktari.

Nafasi ya tano: viatu

Kwa mbwa wengi viatu si lazima. Hata hivyo, hupanda hadi nafasi ya pili kwa mbwa mwenye kidonda kinachofungwa bendeji, anayetembea juu ya theluji yenye chumvi au mawe makali, au mzee anayeburuta miguu. Kuhusu joto, fahamu kwamba hewa ikiwa na nyuzi 25 tu za Selsiasi, lami iliyopigwa na jua kali inaweza kufikia nyuzi 50. Weka sehemu ya nyuma ya kiganja barabarani kwa sekunde 7. Usipoweza kuvumilia, mbwa naye hataweza. Kuhamishia matembezi alfajiri au jioni ni bora kuliko kununua viatu, na hakugharimu kitu.

Ukiamua kununua, msimamishe mbwa juu ya karatasi, inua mguu wa upande wa pili ili wayo utanuke kwa uzito wake, kisha weka alama kwenye upana na urefu wake. Pima mguu wa mbele na wa nyuma kila mmoja peke yake, kwa maana ya nyuma mara nyingi ni myembamba. Tafuta soli ya mpira yenye kukunjika, kitambaa kinachopitisha hewa na mkanda wa kunata unaokaza juu ya kifundo bila kuzuia damu. Viatu vya mpira mwembamba visivyo na soli hukinga maji na chumvi, lakini havifai kwenye joto wala visivaliwe kwa muda mrefu, kwa kuwa jasho halina pa kutokea. Vua baada ya kila matembezi na utafute michubuko. Kwa mbwa anayeteleza ndani ya nyumba, zulia refu jembamba litamsaidia kuliko soksi zenye vitone vya mpira, ambazo huzunguka mguuni na kugeuza vitone juu.

Vya kuacha dukani

Maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) ya kuoshea vidonda huharibu seli zinazojaribu kuponya, kwa hiyo jeraha lisafishwe kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali. Dawa za kunyunyiza ili mbwa asilambe zinazuia dalili na kuacha chanzo, ambacho mara nyingi ni mzio, vimelea au maumivu. Krimu za antibiotiki za binadamu zisitumiwe kwa kubahatisha.

Mbwa anayechechemea, mwenye kitakia kilichochanika kwa kina, mwenye uvimbe kati ya vidole unaorudi kila mara, au anayelamba wayo mmoja tu bila kuacha, hana cha kupata dukani. Kidole kimoja kinachovimba kwa mbwa mzee kisicheleweshwe hata kidogo, kwa kuwa saratani huweza kuanzia chini ya ukucha na kuonekana kama maambukizi ya kawaida. Mweleze daktari ni lini ulikiona mara ya kwanza, na umwombe akipige picha ya eksirei kabla hujakubali duru nyingine ya antibiotiki.