Kibao cha duka kutoka kwa fundi wa Ngamiani

Anayehitaji kibao, nembo au kadi za mwaliko jijini Tanga, namshauri aende kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Ngamiani, mradi asiwe na haraka. Mzee huyu alianza kwa kuandika majina ya maduka kwa brashi na rangi ya mafuta, akaingia kwenye kuchapa fulana kwa skrini, na leo anafanya kazi yake kwa CorelDRAW, programu ya kompyuta ya kuchora na kusanifu.

Nilimpelekea kazi ya kibao cha duka la dada yangu. Neno MAVAZI lilipotokea kwenye kioo, kompyuta ilikuwa imezigawia herufi zote nafasi sawa, lakini A na V, kwa jinsi mistari yao inavyolala upande mmoja, zilionekana zimeachana. "Mwanangu, herufi hupimwa kwa jicho," aliniambia, akazisogeza kidogo kidogo, akachapa neno kwenye karatasi, akalibandika ukutani, kisha akanivusha barabara tulitazame kwa mbali.

Safari yake inanikumbusha ya Matthew Carter, Mwingereza mbunifu wa herufi za uchapaji aliyejifunza kuchonga herufi za chuma kwa mkono katika kampuni ya uchapaji ya Enschedé, mjini Haarlem, Uholanzi, katika miaka ya 1950. Mwaka 1978 ilitoka Bell Centennial, herufi alizobuni kwa ajili ya vitabu vya simu vya Marekani, ambazo aliziachia vipengo kwenye kona ili wino ukisambaa kwenye karatasi hafifu usizizibe; na mwaka 1996 Microsoft ikatoa Verdana, aliyoibuni isomeke vyema kwenye kioo cha kompyuta. Vifaa vilibadilika mikononi mwake, lakini swali la namna msomaji atakavyoiona herufi halikubadilika.

PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwa kompyuta, ilipotoka mwaka 1985, kazi ya mpanga herufi na ya mpangaji wa kurasa zilianza kuangukia meza moja, na nadhani ndiyo sababu leo maduka mengi yana mashine nzuri lakini hayana mtu wa kutazama.

Kasoro ya karakana hii ni muda: siku tuliyoahidiana ilipita, na mzee hapokei simu akiwa kazini, kwa hiyo kadi za harusi zipelekwe mapema sana. Nililipa shilingi 120,000 kwa usanifu na kibao, nikakabidhiwa pia faili la nembo ambalo hata likikuzwa halipotezi ukali, jambo ambalo kila mteja anapaswa kulidai kabla ya kumaliza malipo.