HP EliteBook 840 G1: kwa nini nimeikarabati badala ya kununua nyingine

Nina steshenari ndogo Morogoro, upande wa Msamvu. Natoa kopi, nachapa, najazia watu fomu za mtandaoni, na msimu wa ripoti wanafunzi wa SUA na Mzumbe ndio wananilisha. Kazi zote hizo zinabebwa na kompyuta moja: HP EliteBook 840 G1, Core i5 ya kizazi cha nne, niliyoinunua mtumba ikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na hadidiski ya GB 500.

Mwishoni mwa 2025 ikaanza kunitia aibu. Asubuhi naiwasha, nafagia, napanga rimu za karatasi, nikirudi vile vidoti bado vinazunguka. Siku moja mwanafunzi kaleta ripoti ya utafiti wa mahindi, kurasa mia na ushee zilizojaa picha. Word ikaganda nusu ya kazi, na yeye anatakiwa kukusanya saa kumi. "Dada, nipe tu flashi yangu," akasema kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma.

Fundi wa kwanza aliishika dakika tano, akasema madabodi inakufa, nijikusanye ninunue nyingine. Nusura nimsikilize. Usiku nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kimebeba mzigo kiasi gani, nikakaa naitazama: prosesa inatumika kidogo tu, RAM inakaribia kujaa, diski 100% muda wote. Aliyezidiwa alikuwa diski. Hadidiski ni sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika huku na huko kutafuta mafaili; RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye sahani hiyohiyo, basi kila kitu kinapanga foleni.

Kilichonipa mawazo hasa ni Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, yaani kichipu cha usalama. Yangu haimo. Je, nitie pesa kwenye mashine ambayo siku zake zinahesabika? EliteBook 840 G5 ya mtumba yenye Intel ya kizazi cha nane, ambayo inakubali Windows 11, niliambiwa 650,000. SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ya GB 240 na RAM ya GB 8 kwa pamoja zilikuwa 110,000. Nikagundua pia kwamba ukijiandikisha kwenye mpango wao wa masasisho ya ziada kwa akaunti ya Microsoft unapata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hapo nikaamua: niikarabati sasa, na mwaka huo niutumie kutafuta nyingine bila presha.

Nikapanda treni ya SGR hadi Dar, moja kwa moja Kariakoo. Sikiliza hapa, maana wengi wanapigwa: kijana wa dukani alinipa RAM iliyoandikwa PC3. Mashine hii inataka PC3L, ya volti 1.35. Ile herufi L ndiyo kila kitu. Nilikuwa nimeipiga picha RAM ya zamani, nikamwonyesha, akabadilisha bila maneno.

Kuifungua G1 ni raha. Unatoa betri, unasukuma lachi, mfuniko wote wa chini unateleza. Bisibisi unaihitaji kwenye diski tu. Niliweka Windows upya kwa flashi, na leseni ikajitambua yenyewe. Sasa inawaka ndani ya nusu dakika. Ripoti ya yule mwanafunzi, ambayo alikuwa ameniachia nakala, niliifungua kwa kusudi nikaishusha hadi mwisho. Haikuganda. Nilifurahi kweli.

Siyo yote yametengemaa. Kioo chake ni hafifu, ukikaa pembeni rangi zinageuka. Betri niliyouziwa kama mpya haikumaliza miezi miwili, kwa hiyo umeme ukikatika na kazi imekatika. Nilijaribu pia Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, kwa flashi, na ilikuwa nyepesi sana, ila LibreOffice, inayotumika humo badala ya Word, ilisogeza majedwali kwenye ripoti za watu, na mimi siwezi kumchapishia mtu kazi iliyohama mistari. Kwa anayetumia yake nyumbani tu ningemshauri atumie Mint bila wasiwasi.

Kama RAM yako imechomelewa kwenye bodi, au unahariri video, usifuate njia yangu. Tafuta mashine nyingine. Lakini kama diski yako bado ni ya sahani, anza na SSD kabla hujauza hata kuku mmoja.

Bei za RAM zimepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinakimbilia mitambo ya akili unde, kwa hiyo sitegemei kwamba nikisubiri nitapata nafuu. Kila Jumamosi natia 20,000 kwenye kibubu. Ikifika Oktoba 2026, masasisho yakiisha, G1 naitoa kwenye intaneti, inabaki ya kuchapa na kutoa kopi.